Masikio ya Fundi

Sufuria niliyopewa na mama siku ya harusi yangu ilikuwa kubwa, ya kupikia ugali wa shughuli, na mume wangu aliitumia kuoshea gia. Angefanya hivyo mara moja ningesema bahati mbaya. Alifanya hivyo kila alipofungua giaboksi ya lile gari la mashindano, anamimina dizeli ndani, anatumbukiza meno ya chuma na beringi, anasugua kwa mswaki wa zamani, halafu ananirudishia sufuria eti ameisuuza. Nikiipeleka kwenye sherehe ya jirani, wanawake wanafunua ugali, wananusa, wananitazama. Wanawake wa Shinyanga mjini walikuwa na adabu ya kuumiza: walimega upande wa juu, wakaacha wa chini, wakasema wameshiba. Nilirudi nyumbani na sufuria kichwani nikitamani ardhi inimeze.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, petroli ikiwa bado inanunuliwa bila kibali. Kila kiangazi, pamba ikishauzwa na mbuga zikishakauka, wenye magereji na wafanyabiashara wa Shinyanga, Kahama na Mwanza walishindanisha magari yao porini. Hayakuwa magari ya maonyesho. Yalikuwa magari ya mbugani, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, yaliyong'olewa paa, milango na kila kilichokuwa na uzito. Yaliruka mashimo ya udongo mweusi ulioganda, yakavuka mito ya mchanga, na mwisho wa siku nusu yake yalirudi yakivutwa kwa kamba.

Mume wangu alikuwa fundi wa gari mojawapo. Mwenye gari alikuwa mtoto wa mwenye gereji, kijana mpole asiyejua kufunga hata nati, lakini akishika usukani anageuka mtu mwingine. Sote tulimwita bwana mdogo. Yeye aliamini kwamba hakuna fundi wa giaboksi kuanzia Tabora hadi ziwani aliyempita mume wangu, na alilisema hilo popote alipopata watu wa kumsikiliza. "Fundi wangu hafungui gari," alikuwa akisema. "Fundi wangu analisikiliza kwanza."

Hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa imelala, kwa sababu fundi wake hakuwa na masikio.

Kabla ya gereji alifanya kazi miaka mingi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akisimama katikati ya mashine zinazounguruma tangu asubuhi. Jineri ilimpa mshahara, ikachukua masikio. Hakuwa kiziwi wa kutosikia kabisa. Sauti nzito aliisikia: mlango ukibamizwa, ng'ombe, mwanamume mwenye kifua. Sauti nyembamba zilimpotea zote: ndege, mtoto, mluzi, na mimi. Alijifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu. Na pale asipouona mdomo wa mtu, alikuwa na dawa yake moja: alitabasamu na kutikisa kichwa kama anayekubali.

Mimi niligundua mwaka wa kwanza wa ndoa. Kabla ya hapo nililia sana nikidhani nimeolewa na mtu mwenye kiburi.

Sasa, ugonjwa wa giaboksi hausomwi kwa macho. Chuma kimefungwa ndani ya chuma, mafuta meusi yamekizunguka, utaona nini? Unasikiliza. Na sauti ya beringi inayokufa ni nyembamba, inalia mbali kama mbu kwenye chandarua. Hiyo ndiyo sauti ambayo jineri ilikuwa imemnyang'anya mume wangu. Alilala chini ya gari, akaegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, watu wakamtazama kwa heshima, na alikuwa hasikii kitu.

Kwa hiyo alinifundisha mimi. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva uani kwetu, tumefunga lango la mabati, akanieleza taratibu. Washa injini, gia iwe huru, gari limesimama. Kama inalia hapo hapo, ugonjwa hauko kwenye difu ya magurudumuni wala kwenye propela inayoizungusha, maana hivyo havijazunguka. Kanyaga klachi. Ikinyamaza, ugonjwa uko ndani ya giaboksi. Ikiwa ndiyo kwanza inaanza kulia, ni beringi ya klachi. Kisha tuendeshe kidogo, gia moja moja. Ikilia gia zote lakini ikatulia kwenye gia ya nne, hiyo ni shafti ya chini, kwa sababu kwenye gia ya nne nguvu inapita moja kwa moja juu na shafti ya chini inapumzika. Nilishika mambo hayo upesi kuliko nilivyoshika katekisimu.

Nilimpa majibu kwa kupiga sakafu ya gari kwa spana. Kugonga mara moja ni klachi, mbili ni giaboksi, tatu ni difu. Yeye akiwa chini aliweka kiganja kwenye chuma, akahisi mtetemo. Akatoka, akajifuta mikono, akatangaza. Mimi nilishuka nikaenda kuchochea moto. Sikudai kitu kingine chochote. Nilichotaka ni sufuria yangu ibaki sufuria, na kwamba sisi wawili, tukiwa peke yetu, tujue.

Siku moja bwana mdogo alikuja bila kubisha, akanikuta juu ya kiti, spana mkononi. Akacheka kwa mshangao.

"Kumbe na mama naye ni fundi?"

Mume wangu alikuwa amemwona akiingia, amemsoma mdomo vizuri kabisa. Akacheka kuliko yeye. "Huyu? Huyu ananishikia spana tu. Ukimuuliza injini iko wapi atakuonyesha tairi."

Wakacheka wote wawili. Nilishuka. Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba nami nilitabasamu. Jioni ile nikakuta sufuria yangu imejaa dizeli tena. Niliimwaga barabarani mbele ya nyumba, nikaisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, nikaifunga kwenye kanga pamoja na nguo zangu. Asubuhi nilipanda lori la pamba hadi Kahama, na kutoka Kahama nikapata lori jingine hadi kwetu Ushirombo.

Kurudi nyumbani ukiwa umeolewa kanisani si jambo dogo. Wazazi wangu walikuwa Wasukuma waliohamia upande ule kufuata malisho, wakabatizwa, wakawa watu wa parokia. Kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma na macho ya watu yalinikuta huko huko. Baba hakuniuliza kitu. Aliongea na mimi kwa habari za ng'ombe tu. Mama aliuliza mara moja, nami nikamjibu kwamba mume wangu ni mtu wa dharau. Sikusema kuhusu masikio. Lile lilikuwa neno la ndani ya nyumba yangu, na ingawa nilikuwa nimeitoroka nyumba, sikuona kama nina haki ya kulitoa nje. Mama aliitazama ile sufuria, akainusa, akaiweka juu kabisa ya uchaga.

Mume wangu hakuja wakati wa kupalilia. Hakuja wakati wa kuvuna. Nilianza kuona haya hata kwenda kisimani, maana wenzangu walikuwa wameacha kunitania, na ukiona watani wameacha kukutania ujue wameanza kukuhurumia.

Alikuja kiangazi, siku chache kabla ya mashindano. Nililisikia gari kabla sijaliona. Nilikuwa nyuma ya nyumba natandaza michembe juani, vile viazi vitamu tulivyomenya na kukata vipande ili vikauke, nikasikia kule barabarani mlio mwembamba ukipanda na kushuka pamoja na injini. Mikono ikasimama. Nilijua ni gari gani, na nilijua linaumwa nini. Ukatulia kidogo, halafu dereva alipopunguza gia penye mteremko ukarudi. Nikasema moyoni, hao wametoka Shinyanga na shafti ya chini inakufa na hakuna anayejua.

Alishuka yeye na bwana mdogo, wote wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Bwana mdogo alikuwa amekuja kama shahidi wa mume, na pia kulijaribu gari kwenye njia mbovu; aliona hakuna ubaya kufanya yote mawili kwa safari moja. Watoto wa mtaa mzima walilizunguka lile gari lisilo na paa. Baba aliita wazee wawili majirani, viti vikatolewa uani, mimi nikaambiwa nikae jikoni na mama.

Hapa lazima nieleze desturi, maana yote yaliyotokea yalitoka kwenye hiyo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakiwa na la kusemezana, mama mkwe anasema akiwa nyuma ya ukuta au amegeuza mgongo, kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo heshima, na mama yangu aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Na kwenye shauri la mke aliyerudi kwao, mama ana swali lake moja. Analiuliza kutoka ndani, na mkwe analijibu yeye mwenyewe kwa kinywa chake; hasemewi.

Shauri lilianza vizuri. Mume wangu alikaa akiwatazama wazee usoni, midomo yao yote aliiona, akajibu kila kitu kwa unyenyekevu. Alikubali kwamba alikosea. Alikubali kwamba alichelewa kunifuata. Mzee mmoja akamuuliza habari za sufuria, watu wakacheka, naye akacheka kwa aibu. Mimi nikiwa jikoni, nachungulia kwenye tundu la ukuta wa udongo, nilianza kumwonea huruma, na nilijichukia kwa hilo. Alikuwa amekonda. Shati alilovaa nililishona mimi.

Kisha baba akasema, "Sasa mama ana neno lake."

Mama alisogea ukutani, akauegemea kwa bega. Alisema kwa sauti yake ile nyembamba, ya adabu, iliyotoka kama pumzi, akimwita mkwe wake baba kwa heshima.

"Baba, mimi nauliza kimoja. Bado unamtaka mwanangu, au nimpangie kazi za hapa?"

Mume wangu alikuwa anamtazama baba. Alijua kuna kitu kimeulizwa, maana wote walikuwa wamemgeukia.

"Swali umelisikia," baba alisema.

Hilo alilisoma. Akatikisa kichwa, ndiyo, amelisikia. Na akatabasamu.

Wakangoja. Kuku walikuwa wanachakura chini ya gari. Yeye akaendelea kutabasamu na kutikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayefurahia maongezi. Niliona uso wa baba ukibadilika. Mama, ambaye hakupaswa kuuliza mara ya pili, akauliza mara ya pili, na sauti ilikuwa ndogo zaidi kwa sababu alikuwa ameumia.

"Unamtaka, baba?"

Akatabasamu tena.

Mzee mmoja alipiga fimbo chini. "Mama mkwe anakuuliza unacheka?" alisema, lakini alisema akiwa amemgeukia mwenzake, na mume wangu hakuona. Baba akaanza kuinuka. Nilimjua baba, akishainuka kwenye kiti cha shauri hakai tena, na shauri lingekuwa limefungwa. Bwana mdogo alikuwa anamgusa mume wangu kwa kiwiko, amechanganyikiwa, haelewi kwa nini fundi wake mwenye masikio yanayosifiwa mpaka Mwanza hajibu swali lililosikika na kila mtu.

Ningeweza kusema kutoka pale jikoni, hasikii. Neno moja. Wazazi wangu wangeelewa. Bwana mdogo naye angeelewa, na mume wangu angerudi Shinyanga akiwa si fundi wa mtu yeyote. Angerudi jineri, kama wangempokea. Nilimwona pale na tabasamu lake, ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili, na hasira yangu ya kuitwa mshika spana ilikuwa ingali pale pale, lakini sikuweza.

Nilitoka nje. Mwanamke hatoki kwenye shauri lake. Niliwapita wazee bila kupiga magoti, nikasimama mbele ya mume wangu, jua likinipiga usoni ili aone mdomo, nikasema kwa ukali wote niliouweza:

"Unanitaka au hunitaki? Jibu!"

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nadhani alikuwa baba yangu mwenyewe.

Mume wangu alinitazama mdomo, halafu macho. Akaelewa kila kitu kwa mara moja: swali, kimya, na kwa nini nimetoka. Na kwa kuwa hakuweza kuipima sauti yake mwenyewe, alijibu kwa nguvu kiasi cha kusikika hadi parokiani.

"NAKUTAKA!"

Mbele ya baba mkwe. Mbele ya wazee, mbele ya mama aliye nyuma ya ukuta, mbele ya watoto waliokuwa wamelala juu ya boneti. Watoto ndio walioanza kucheka, kisha wanawake kwenye ua wa jirani, na kicheko kikazunguka. Baba alivuta kofia yake ikafunika macho. Mimi nilisimama pale nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada, inayoanzia kwenye nyayo. Nilikuwa binti wa watu wa parokia, na nilikuwa nimeomba kutakwa hadharani. Kwa miaka, nikienda Ushirombo, kuna mwanamke lazima ataniuliza kama nilijibiwa.

"Basi," baba alisema chini ya kofia. "Nilitaka kumtoza faini. Huyu amejisamehe mwenyewe. Achukue mtu wake."

Mngedhani yameisha. Bwana mdogo, ambaye alikuwa amefurahi sana kwa niaba yetu, alikumbuka gari lake. Akasema kabla ya kuondoka fundi alisikilize tena ule mlio, maana njia nzima fundi amesema ni difu, na kama ni difu hawawezi kulirudisha kwa magurudumu yake. Wataliacha hapa watafute lori, na mashindano ndiyo basi tena. Mume wangu aliniangalia. Nilikwenda mwenyewe, nikapanda kwenye kiti cha dereva, nikaokota spana sakafuni, na watu wakacheka upya kwamba sasa nimeng'ang'ania mpaka gari.

Alilala chini, bisibisi sikioni. Niliwasha. Gari limesimama, gia iko huru, na mlio upo. Kwa hiyo si difu. Nikakanyaga klachi, ukanyamaza. Nikaachia, ukarudi. Gia ya nne nilikuwa nimeisikia ikitulia tangu barabarani. Niligonga sakafu mara mbili, nikangoja, nikagonga tena mara mbili kwa hasira kidogo ili asije akashikilia difu yake. Nilipoinua macho niliona jicho la mama kwenye lile tundu la ukuta wa jikoni, halipepesi.

Mume wangu alitoka chini, akajifuta mikono polepole. Watu wazima na watoto wakasogea.

"Nilikosea," alisema. "Si difu. Ni giaboksi. Beringi ya shafti ya chini."

Akanitazama kupata uhakika kuhusu hiyo shafti, nami nikafumba macho kidogo, ndiyo. Bwana mdogo akampiga begani. "Mnaona? Mnaona masikio hayo?" aliwaambia wazee. "Hayo masikio nimeyatafuta nchi nzima." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, hata yule wa fimbo. Mimi nilibaki juu ya kiti nikiangalia usukani. Nilikuwa nimelinunua jambo hilo mwenyewe, tena kwa bei kubwa, na bado lilinichoma.

Nilipoingia jikoni kuchukua nguo zangu, mama alikuwa amesimama katikati, sufuria mkononi.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu lini nini, mayu?"

"Usinifanye mjinga. Nimeona unavyogonga. Mtoto, nimemuuliza swali akatabasamu. Mwenye dharau hatabasamu vile."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, yote miwili imeshika furushi. Mama alinipakia michembe ndani ya sufuria mpaka ikajaa, akafunika.

"Na yule kijana mwenye gari hajui."

"Hajui."

"Mm," alisema mama.

Nje, bwana mdogo alikuwa anawaeleza wazee kwamba kwa kuwa ugonjwa ni shafti ya chini, inabidi gari lisukumwe lipate mwendo, apite gia ndogo upesi na abaki kwenye gia ya nne mpaka Kahama. Kwa hiyo wazee wa shauri langu, na baba akiwa mmojawao, wakakunja mikono ya mashati na kuegemea nyuma ya gari. Nilikaa katikati, sufuria mapajani. Mume wangu alikuwa upande wa pembeni, uso ameuelekeza barabarani, kwa sababu mgongoni kwake ilikuwa nyumba ya mama mkwe na haikumpasa kugeuka.

Ndipo sauti ikatoka ukutani. Haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa nzito, imetolewa chini kabisa kifuani, sauti ya mwanamume anayewaita ng'ombe mtoni.

"WEWE BABA! NIMEKUPA MWANANGU! MTUNZE!"

Wazee waliacha kusukuma. Baba alisimama wima, amepigwa na butwaa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kwa mbuzi, alikuwa anamfokea mkwe wake mbele ya kijiji. Jirani mmoja alijifunika mdomo. "Mama, nini hicho?" baba alisema kwa sauti ya kuumia. "Utatufedhehesha mpaka wapi leo?"

Lakini mume wangu alikuwa ameshtuka kwenye kiti. Alikuwa amesikia. Niliona shingo yake ikikaza, niliona macho yakijaa, na bila kugeuka, akitazama mbele kama adabu inavyotaka, alijibu kwa nguvu zake zote.

"WABEJA, MAYU!"

Asante, mama. Gari likasukumwa, likanguruma, tukaondoka. Penye mto wa mchanga kabla ya Kahama, bwana mdogo alipokwenda kutafuta maji ya rejeta, mume wangu aliniuliza, akinitazama mdomo, kama nilimwambia mama. Nikasema sikumwambia, alijionea. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dashibodi, akakaa hivyo. Alikuwa ameaibika kuliko mimi, na nilipoliona hilo nilitosheka kidogo, kisha sikutosheka tena. Sufuria haikuoshewa gia tena tangu siku ile. Mashindanoni tulipasua tairi tukawa wa mwisho.

Miaka ya themanini wachimbaji walipoanza kujaa Geita tulihamia huko, tukafungua gereji yetu pale Kalangalala. Magari yaliletwa kutoka Buseresere mpaka Buzwagi kwa ajili ya masikio ya mume wangu. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikashika spana. Na kila tulipokwenda Ushirombo, mama alimsalimu kutoka nyuma ya ukuta kwa sauti ile ile ya kuita ng'ombe, naye akajibu, na waliongea hivyo kwa kirefu, mvua, mazao, afya, wakipigiana kelele kama watu wanaogombania mpaka wa shamba, huku kila mmoja ametazama upande wake. Majirani walimsema vibaya sana. Walisema yule mama anamchukia mkwe wake hana hata haya, anamfokea kama mtoto, hata wakamnyima kazi ya kuwashauri mabinti pale parokiani. Mama hakujitetea hata siku moja.

Siku ya kumzika mama, mume wangu alisimama ukingoni mwa kaburi akilia kwa sauti kubwa asiyoweza kuipima. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake: "Analilia nini huyu? Si sasa atapumzika, kelele zote zile?" Mwenzake akacheka puani. Niligeuka. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Halafu nikaona mafundi wetu wamejipanga kando yake kwa heshima, wateja wetu kutoka Geita wamevua kofia, na yeye katikati yao, hakusikia kitu.

Nikageuka tena mbele, na mama akazikwa na jina la mwanamke aliyemchukia mkwe wake.